Somo: Kazi za seva zijiendeshe zenyewe, na zikikwama ujue

Wakuu, somo hili ni la wanaotunza seva za biashara, iwe moja au ishirini. Wengi wetu tunajua kuandika skripti (faili la amri) na kuikabidhi kwa cron, programu ya Linux inayoanzisha kazi kwa ratiba, iiendeshe usiku. Shida huanzia hapo. Skripti ikifa, cron haikimbii kukuamsha. Yenyewe imeambiwa iiamshe kazi saa nane na robo usiku, imeiamsha, basi.

Tarehe 31 Januari 2017, fundi mmoja wa GitLab, kampuni ya huduma ya kuhifadhi kodi za programu, alifuta kwa bahati mbaya data za hifadhidata yao kuu. Walipokimbilia nakala rudufu walikuta hamna kitu. Programu ya pg_dump, inayotoa nakala ya hifadhidata ya PostgreSQL, iliyokuwa ikitumika ni ya toleo la 9.2, hifadhidata ni ya 9.6, kwa hiyo kila siku ilikataa. Barua pepe za kuwajulisha zilitumwa kweli, lakini zikakataliwa njiani kwa kukosa uthibitisho wa DMARC (utaratibu wa kuhakiki mtumaji wa barua pepe). Kilichowaokoa ni nakala ya diski ambayo fundi aliichukua kwa mkono, kwa shughuli nyingine, kama saa sita kabla ya ajali. Walieleza yote wenyewe hadharani, na nawashukuru kwa hilo.

Hatua ya 1. Andika kazi zote mnazofanya kwa mkono kila wiki. Anza na ile ambayo ikisahaulika biashara inaumia. Mara nyingi ni nakala rudufu, nasi tutaitumia hiyo.

Hatua ya 2. Andika skripti inayojua kukataa:

```
#!/bin/bash
set -euo pipefail
F=/akiba/mauzo-$(date +%F).sql.gz
pg_dump mauzo | gzip > "$F.muda"
[ "$(stat -c %s "$F.muda")" -gt 1000000 ]
mv "$F.muda" "$F"
S=/var/lib/node_exporter/akiba.prom
echo "akiba_mwisho $(date +%s)" > "$S.muda"
mv "$S.muda" "$S"
```

Neno `pipefail` msiliruke. Bila hilo, pg_dump ikianguka, gzip itafunga kwa furaha faili tupu na mstari wote utahesabika umefaulu. Mstari wa `stat` unakagua ukubwa: faili ikiwa chini ya baiti milioni moja, skripti inasimama papo hapo. Wekeni kiwango kinacholingana na data zenu. Jina lenye `.muda` linahakikisha nakala iliyokatikia njiani haichukuliwi kuwa kamili.

Hatua ya 3. Ipange kwenye crontab, orodha ya kazi za cron:

`15 2 * * * flock -n /tmp/akiba.lock /usr/local/bin/akiba.sh`

Kazi ya `flock` ni kuzuia ya leo isiikanyage ya jana kama bado haijaisha. Seva ikiwa huzimwa mara kwa mara, tumia taima ya systemd (msimamizi wa huduma wa Linux) yenye `Persistent=true`; itafidia zamu iliyopita ikiwa imezimwa.

Hatua ya 4. Hii ndiyo roho ya somo. Usingoje kilio, ngoja salamu. Mistari ya mwisho ya skripti inaandika saa iliyofaulu, node_exporter, programu inayotoa vipimo vya seva, inaisoma (mradi umeionyesha folda hiyo kwa `--collector.textfile.directory`), na Prometheus, mfumo unaokusanya vipimo hivyo na kutoa arifa, inauliza:

`time() - akiba_mwisho > 93600 or absent(akiba_mwisho)`

Hizo ni saa 26: siku nzima na saa mbili za ziada. Kipande cha `absent` ni cha lazima, maana namba ikitoweka kabisa, nusu ya kwanza haina cha kulinganisha na itakaa kimya. Mwenye seva nyingi aiandike kwa kutaja kila seva.

Hatua ya 5. Diski: angalia `df -h` pamoja na `df -i`. Nafasi inaweza kuwepo tele huku inodi (nafasi za kusajili faili, kila faili moja) zimekwisha, na seva ikadai diski imejaa.

Hatua ya 6. Kila mwezi rudisha nakala moja kwenye mashine ya pembeni, kisha hesabu rekodi. Nakala ambayo haijawahi kurudishwa mimi siihesabu.

Maswali ya wanachama

*Mkuu, mstari wangu wenye `date +%F` ukiwa ndani ya crontab haufanyi kazi, ila nikiuandika mwenyewe unaenda. Kwa nini?*

Ndani ya crontab alama ya `%` ni mwanzo wa mstari mpya. Andika `\%`, au bora amri yote iingie kwenye skripti. Pia kagua PATH (orodha ya folda ambamo amri hutafutwa), ile ya cron ni fupi kuliko yako.

*Na Prometheus yenyewe ikifa, nani atatuambia?*

Swali zuri sana. Tengeneza arifa inayolia muda wote kwa makusudi, iende kwenye huduma iliyo nje ya seva zako. Huduma hiyo ndiyo ikupigie pale arifa inapokatika.

*Timu yangu inapata arifa mia kwa usiku, watu wamezizima simu. Nifanyeje?*

Wana haki, kiongozi. Pitia arifa moja moja na uulize: aliyeamshwa afanye nini sasa hivi? Isiyo na jibu ihamie kwenye ripoti ya asubuhi. Prosesa kupanda dakika moja hakumhitaji mtu, kwa hiyo weka `for: 10m` kwenye kanuni ya arifa, isilie mpaka hali idumu dakika kumi. Kwa diski, badala ya asilimia 80 tumia `predict_linear` ya Prometheus, ikuonye tu pale mwendo wa saa sita zilizopita unapoonyesha itajaa ndani ya saa 24. Anza na zile tatu zinazolia zaidi, leo hii, kabla zamu ya usiku haijaingia.