Somo: Kumpokea kipepeo monaki Texas mwezi wa Machi

Ndugu wanachama, wengi mnangoja makundi yafunike anga. Hayo ni ya Oktoba, wakielekea Meksiko. Machi hurudi kaskazini mmoja mmoja, wakiruka chini chini. Kwa hiyo usitazame juu, tafuta mmea wao.

1. Anza katikati ya Machi, wanapoondoka kwenye misitu ya milima ya Michoacán, Meksiko, walikokaa tangu Novemba.

2. Toka jua likishapasha, kuanzia saa nne asubuhi. Kukiwa na baridi hawaruki.

3. Tafuta asklepia (milkweed), ndio mmea wao wa kutagia, malishoni na kando ya barabara za mashambani. Wakati huu bado ni fupi, imelala karibu na ardhi. Jani likichanika hutoa utomvu mweupe. Usiuguse kisha ukajifikicha macho.

4. Ukishaupata, kaa kimya hatua chache pembeni. Hapa ndipo penye raha yote. Jike hutua, hupapasa jani kwa miguu kama anayelionja, na kweli analionja. Kisha hukunja tumbo, hubandika yai moja upande wa chini, na kuhamia kwingine. Mwaka jana nilimfuata mmoja mwenye bawa lililomeguka pembeni, rangi imempauka hata ukimtazama kwenye jua. Alipoondoka niligeuza jani kwa kidole: yai la rangi ya maziwa, dogo kuliko punje ya ulezi, lina mistari kutoka juu hadi chini. Machozi yalinilenga.

5. Andika tarehe, mahali na hali ya mbawa, kisha tuma kwa Journey North, wanaokusanya taarifa hizi kutoka kwa raia.

Maswali ya wanachama

Dume namjuaje?
Ana doa jeusi kwenye kila bawa la nyuma. Jike hana, na mishipa yake, ile mistari myeusi ya mbawa, ni minene zaidi.

Nimeona wa kahawia iliyoiva, juu ya mbawa hana mistari myeusi. Ndiye?
Siye. Huyo ni Danaus gilippus, ndugu wa yule wa kwetu Afrika Mashariki, Danaus chrysippus.

Nichukue mayai nikayalee ndani?
Yaache, dada. Huanguliwa kwa siku nne hivi; kukiwa na baridi huchukua siku zaidi. Ukitaka kumsaidia, panda asklepia ya asili ya Texas. Ile ya kitropiki isiyokauka majira ya baridi hulimbikiza vimelea vinavyomdhuru.

Huyu aliyechakaa atafika Kanada kweli?
Hafiki. Anataga huku kusini na kufa; wanawe na wajukuu ndio watakaofika.