Kupima urefu na uzito wa perege wa Bwawa la Mtera
Mfute perege maji kwa kitambaa kabla ya kumpima. Kwa samaki wa gramu 18, matone machache tu yanaharibu hesabu. Mlaze ubavu kwenye ubao wa kupimia, mdomo umefumba na kugusa kizuizi, usome hadi ncha ya mkia. Mwenye mkia uliokatika mwache.

Kanuni ni W = aLᵇ: W ni uzito, L ni urefu, a na b ni namba zinazopatikana kwa vipimo vyako. Chukua logi (logariti) za uzito na urefu, chora mstari, uzito ukiwa kwenye mhimili wa wima. Mwinuko wake ndio b. Ikiwa b ni 3, perege wa sentimita 10 mwenye gramu 18 akifika sentimita 20 atakuwa na gramu 144. Chini ya 3, anarefuka kuliko anavyonenepa.

Usitegemee nyavu za macho ya saizi moja: samaki watalingana mno, na mstari hautaaminika. Majike wenye mayai wapigie hesabu yao peke yao.