Jinsi ya kukagua panya waliozimwa jeni kuanzia kichwa mpaka mkia

Haya, panya wako washazimwa jeni kwa CRISPR (ile mbinu ya kukata na kubadilisha DNA), sasa unataka kujua hiyo jeni inafanya kazi gani mwilini na ikiharibika inaleta ugonjwa gani. Usikimbilie kiungo kimoja tu eti kwa sababu watu wanasema ni jeni ya moyo, pima kila kitu. IMPC, ule mradi wa kimataifa ulioanza 2011, unaopitia jeni karibu 20,000 za kutengeneza protini, kila laini (kundi la panya waliozimwa jeni moja) wanaipitisha kwenye vipimo vilevile, na mi naona huo ndo mtindo wa kuiga hata kama maabara yako ni ndogo.

Anza na uzao. Pandisha wazazi wenye nakala moja mbovu kila mmoja, halafu wapime watoto jeni wakiachishwa kunyonya, maana robo yao inatakiwa wawe na nakala zote mbili mbovu. Ukipima watoto 28 na wa hivyo hamna hata mmoja, hapo hakuna cha bahati, uwezekano wake haufiki hata 1 kwa 1,000, yaani wanafia tumboni au kabla ya kuachishwa kunyonya. Usiitupe laini! Toa vijusi siku ya 12.5 ya mimba kwanza, wakiwa washakufa rudi 9.5, wakiwa hai nenda 15.5 mpaka 18.5, utajua wanakufa lini. Halafu wale wenye nakala moja mbovu wapeleke kwenye vipimo vya wakubwa, binadamu wengi wanaugua kwa nakala moja tu.

Wakubwa chukua madume 7 na majike 7, sio madume peke yake, kuna dalili zinatokea jinsia moja tu na nyingine haina habari. Wasio na mabadiliko nao wapimwe wiki zilezile, chumba kilekile, mashine ileile, na anayepima asijue nani ni nani.

Ukoo wa panya wako wa maabara nao uujue vizuri. Wa ukoo wa C57BL/6N wana hitilafu ya rd8 kwenye jeni ya Crb1 inayoharibu retina, kwa hiyo ukiona madoa jichoni usishangilie kwanza. C57BL/6J nao wana jeni ya Nnt mbovu, sukari yao inasumbua. Ukichanganya hao wawili kwenye jaribio moja umekwisha.

Mpangilio sasa: vipimo vyepesi mwanzo, vya kuwasumbua baadaye. Panya akifika wiki ya 9 ya umri, tabia, unamwachia kwenye uwanja wazi uone anavyotembea, na nguvu za kushika. Wiki ya 13 sukari: mnyime chakula usiku kucha, chukua damu, mchome glukosi gramu 2 kwa kilo tumboni, pima tena dakika ya 15, 30, 60 na 120. Wiki ya 14 mafuta na mifupa, eksirei, masikio, ya 15 macho, ya 16 damu yote na viungo baada ya kumuua.

Kwenye hesabu weka uzito wa mwili, la sivyo panya mdogo kila kitu chake kitaonekana kidogo. Na p (uwezekano wa kupata tofauti kubwa hivyo kwa bahati tu) ya 0.05 sahau, vipimo ni mamia, IMPC wanatumia 0.0001.

Dalili utakazobaki nazo ziandike kwa istilahi za MP (orodha rasmi ya dalili za panya), ndo kompyuta itaweza kuzilinganisha na za HPO (orodha kama hiyo ya dalili za binadamu) za wagonjwa. Laini ikifanana na ugonjwa fulani, tengeneza ya pili yenye mabadiliko tofauti kwenye jeni ileile, upime upya.