Namna ya Kujiandaa kwa Amrit Sanchar, Kiapo cha Masingasinga

Anayetaka kuingia Khalsa, jumuiya ya Masingasinga walioapishwa, iliyoasisiwa na Guru Gobind Singh, kiongozi wao wa kumi wa kiroho, mjini Anandpur, India, mwaka 1699, aache mapema kukata nywele, kwani hilo halifanyiki kwa siku moja. Siku ya ibada aoge, aoshe nywele, afunike kichwa na kuvaa alama zote tano: nywele zisizokatwa, kitana, bangili ya chuma, kaptula maalumu na kirpan, yaani upanga mfupi.

Mbele ya Guru Granth Sahib, kitabu kitakatifu cha Masingasinga, Wapendwa Watano, yaani waumini watano walioapishwa wanaoongoza ibada, huketi kulizunguka bakuli la chuma lenye maji na sukari, wakiyakoroga kwa upanga wenye makali kuwili huku wakisoma sala tano. Zamu ya anayeapishwa ikifika, apige goti la kulia, akinge kiganja cha kulia juu ya cha kushoto na kunywa mara tano. Kisha atanyunyiziwa machoni na nywelini, mara tano kila mahali. Yanayobaki hunywewa na wote kutoka bakuli lilelile, na kwangu hapo ndipo penye uzito, kwa kuwa matabaka ya kuzaliwa hayana nafasi tena.

Tangu hapo asivute tumbaku, asizini, asikate nywele, wala asile nyama iliyochinjwa Kiislamu. Akikiuka, arudi kwa Watano kuomba kupokewa upya.