Verdicchio usiinywe ikiwa baridi ya barafu
Ukipata Verdicchio, mvinyo mweupe mkavu (yaani usio mtamu) wa mkoa wa Marche, Italia, itoe chupa kwenye friji dakika 15 kabla ya kumimina. Baridi kali huifunga harufu, ukabaki na uchachu tu. Ikifika nyuzi 10 hadi 12 hivi, utanusa limau na tufaha la kijani, na mwishoni utakuja ule uchungu mwembamba wa lozi, ambao kwangu ndio raha yake hasa. Kula na ngisi wa kukaanga: uchachu unakata mafuta mdomoni. Chumba kikiwa na joto kali, dakika 5 zinatosha. Chakula kikiwa na sukari, mbinu hii haisaidii: mvinyo utazidi kuwa mkali. Na kwenye mchuzi mzito wa nyama ya ng'ombe unapotea kabisa.