Raia au mpiganaji? Jinsi ya kuamua hadhi ya mtu katika ripoti ya vita

Ripoti nyingi kuhusu vita vya Sudan, Somalia na mashariki mwa Kongo hupitia Nairobi kabla ya kusomwa kwingine. Shahidi yuko Eastleigh, au yuko upande wa pili wa simu inayokatikakatika, na mwandishi yuko ofisini Kilimani akiwa na saa chache za kuamua nani ni raia na nani ni mpiganaji. Hapo ndipo kazi huharibika. Mtu akishaitwa “gaidi” au “mamluki” katika aya ya kwanza, aya zote zinazofuata huvutwa na jina hilo, na wakili wa upande wa pili huibomoa ripoti nzima bila jasho. Anza na aina ya vita, nenda kwa mtu, kisha tendo lake. Usiruke.

Hatua ya 1: Aina ya vita

Mikataba minne ya Geneva ya 1949 ina milango miwili. Kifungu cha 2 kinahusu dola kupigana na dola. Kifungu cha 3, kilichorudiwa katika mikataba yote minne, kinahusu vita visivyo vya kimataifa: serikali dhidi ya kikundi chenye silaha, au vikundi kwa vikundi. Ili mlango wa pili ufunguke, angalia mambo mawili yaliyowekwa wazi na mahakama ya kimataifa ya uhalifu wa kivita wa Yugoslavia ya zamani katika kesi ya mshtakiwa Tadić mwaka 1995: ukali wa mapigano na mpangilio wa kikundi. Kwa hiyo kwenye faili weka aina za silaha zilizotumika, mapigano yamedumu kwa muda gani, watu waliohama, na upande wa kikundi, nani anatoa amri, nani anaadhibu, kama kuna msemaji na kama kinaweza kusaini makubaliano. Ghasia za siku mbili na mawe ya barabarani hazifiki hapo.

Wengi hudhani kuvuka mpaka hufanya vita kuwa vya kimataifa. Jeshi la Kenya liliingia Somalia Oktoba 2011, lakini adui wake ni Al-Shabaab, si dola ya Somalia, na serikali ya Somalia iliridhia. Vita hivyo si vya kimataifa. Kinachopimwa ni nani anapigana na nani. Mashariki mwa Kongo huenda ukahitaji majibu mawili kwa siku moja: jeshi la Kongo dhidi ya waasi wa M23 ni vita vya aina moja, na pale wanajeshi wa Rwanda wanapopambana na wa Kongo, ni vya aina nyingine. Andika kila pambano kwa wahusika wake.

Hatua ya 2: Mtu ni wa kundi gani

Katika vita vya dola kwa dola, askari wa jeshi hashtakiwi kwa kupigana tu. Hushtakiwa kwa uhalifu wa kivita. Akikamatwa ni mfungwa wa vita. Analazimika kutoa jina, cheo, tarehe ya kuzaliwa na namba ya jeshi, basi. Ikizuka shaka kuhusu hadhi yake, analindwa kama mfungwa wa vita hadi jopo lenye mamlaka liamue. Pia Mkataba wa Tatu wa Geneva, unaohusu wafungwa wa vita, unakataza kumfanya mfungwa kioja cha watu, kwa hiyo video ya mateka waliopigishwa magoti isiingie kwenye ripoti kabla ya kuficha nyuso.

Katika vita visivyo vya kimataifa hadhi hiyo haipo. Mpiganaji wa kikundi anaweza kushtakiwa na serikali kwa kushika bunduki tu. Lakini Kifungu cha 3 bado kinamlinda: asiuawe akishajisalimisha, asiteswe, asihukumiwe bila mahakama halali. Kinga hiyo haiondoki kwa sababu kikundi chake kimetangazwa kuwa cha kigaidi.

Mpishi wa jeshi la serikali aliyeandikishwa ni askari kama wengine. Mpishi wa kikundi ni suala jingine: kwa mtazamo wa Kamati ya Kimataifa ya Msalaba Mwekundu, anayeweza kulengwa wakati wowote ni yule tu ambaye kazi yake ya kudumu ni kupigana. Marekani na nchi nyingine hazikubali mpaka huo, kwa hiyo taja ni kipimo kipi umetumia.

Neno “mamluki” liogope. Kifungu cha 47 cha Itifaki ya Kwanza ya 1977, iliyoongezwa kwenye Mikataba ya Geneva, kina masharti sita, na lazima yote yatimie kwa pamoja. Mgeni aliyeapishwa kuwa askari wa jeshi la nchi inayopigana tayari ametoka kwenye maana hiyo. Andika tu kwamba ni mgeni aliyelipwa kupigana, na taja malipo hayo yanajulikana kutoka wapi.

Hatua ya 3: Tendo, saa kwa saa

Raia hupoteza kinga kwa muda ule tu anaoshiriki mapigano moja kwa moja. Mwongozo wa Kamati wa 2009 una vipimo vitatu: madhara ya kijeshi au kifo na uharibifu kwa wanaolindwa, uhusiano wa moja kwa moja kati ya tendo na madhara, na tendo liwe limekusudiwa kusaidia upande mmoja dhidi ya mwingine. Kimoja kikikosekana, hakuna ushiriki.

Chukua dereva wa pikapu. Saa mbili asubuhi anahamisha risasi kutoka ghala moja la mjini hadi jingine, mbali na mapigano. Gari ni shabaha halali, lakini yeye bado ni raia, na uhai wake lazima uhesabiwe kabla ya kulipiga. Saa tano anapeleka risasi kwenye handaki linalofyatua wakati huohuo: anashiriki, pamoja na safari ya kwenda na kurudi. Saa tisa yuko sokoni ananunua mkaa: ni raia tena. Ripoti inayosema “dereva wa kikundi aliuawa” bila saa haisemi lolote.

Simu inapimwa vivyo hivyo. Kijana anayetuma mahali walipo wanajeshi ili droni iwapige anashiriki. Anayesifia kikundi TikTok hashiriki, hata akiudhi vipi. Raia anayevamia mifumo ya kompyuta ya adui hupimwa kwa madhara anayosababisha.

Hatua ya 4: Umri

Kuandikisha mtoto chini ya miaka 15 ni uhalifu wa kivita. Thomas Lubanga, kiongozi wa kikundi chenye silaha, alihukumiwa na Mahakama ya Kimataifa ya Jinai miaka 14 jela mwaka 2012 kwa kosa hilo alilolifanya huko Ituri, Kongo. Hata hivyo mtoto anayefyatua risasi anaweza kushambuliwa kihalali. Ni jambo chungu, lakini ukilificha, ripoti itakuwa na uongo. Umri usiukisie kwa picha. Tafuta cheti, darasa alilofika, au kauli ya mzazi.

Hatua ya 5: Shambulio lenyewe

Idadi ya waliokufa peke yake haithibitishi kosa. Uliza kilicholengwa kilikuwa nini, kamanda alijua nini kabla ya kupiga, na kama alionya pale ilipowezekana. Ukikosa jibu kuhusu mtu, mhesabu kuwa raia. Mabaki ya bomu yasiguswe. Yapigwe picha na kitu cha kuonyesha ukubwa wake kando.

Hatua ya 6: Kuhifadhi

Sheria ya Makosa ya Jinai ya Kimataifa ya 2008 inaruhusu mahakama za Kenya kumshtaki mtu aliyepo nchini kwa uhalifu wa kivita alioufanya kwingine. Maana yake ni kwamba mtuhumiwa na shahidi wanaweza kuwa wanaishi mtaa mmoja. Jina la shahidi likae faili tofauti na kauli yake, kila moja na nywila yake, na namba ya kuziunganisha iwe mikononi mwa mtu mmoja ambaye hakufanya mahojiano.