Kabla Samansi Haijatoka Mkononi: Maandalizi ya Anayejiwakilisha Milimani

Kesi yangu ya kwanza niliishinda bila wakili, kisha baada ya miezi saba ushindi huo ukafutwa, na si kwa sababu madai yangu yalikuwa na kasoro. Kampuni moja kwenye Barabara ya Mombasa ilikuwa imekataa kunilipa pesa za kupaka rangi maghala yake. Mpeleka samansi, yaani anayepeleka wito wa mahakama unaomtaka mdaiwa ajibu kesi, alifika getini, soja akamwambia mdosi hayuko, akapokea karatasi na kuchora kitu ambacho hata yeye mwenyewe asingeweza kukisoma. Kiapo chake cha maandishi kilichorudi mahakamani kilisema samansi ilipewa "afisa wa kampuni". Jina hakuna, cheo hakuna. Kampuni haikujibu, nikaomba hukumu, nikapewa. Siku nilipoanza kufuatilia malipo, wakili wao akaja na ombi la kuifuta hukumu: mlinzi wa geti si mkurugenzi, si katibu wala si afisa mkuu wa kampuni. Hakimu akakubaliana naye, na kwa kweli hakukosea. Hukumu inayotolewa dhidi ya mtu ambaye hakupewa samansi ipasavyo hufutwa kwa kuwa ni haki yake, hata kama deni lenyewe ni la kweli.

Tangu hapo, mtu akiniuliza aanzie wapi, humwambia aanze na samansi kabla hata hajalipia kufungua kesi.

Swali la kwanza ni unamdai nani hasa. Bango lililo juu ya duka linaweza kuwa la kampuni, la ushirika wa watu wawili, au jina tu la biashara ambalo mama mmoja alilisajili. Kila moja lina mlango wake. Kama ni kampuni, ingia eCitizen, tovuti ya huduma za serikali, uombe CR12, hati rasmi ya taarifa za kampuni. Utapata majina ya wakurugenzi na anwani ya ofisi iliyosajiliwa. Ichapishe na uiweke kwenye faili lako. Samansi ya kampuni hupewa katibu, mkurugenzi au afisa mwingine mkuu. Mpeleka samansi akiwakosa hao, ndipo kanuni za mwenendo wa kesi za madai humruhusu kuiacha katika ofisi iliyosajiliwa, au kuituma kwa posta ya rejista au kwa kampuni ya kusafirisha vifurushi iliyokubaliwa na mahakama, hadi kwenye sanduku la posta lililosajiliwa. Kama ni jina la biashara tu, unayemdai ni mwenye biashara kwa jina lake la kitambulisho, ukieleza kwamba anafanya biashara kwa jina fulani. Ushirika unaweza kushtakiwa kwa jina lake, na samansi ikapewa mshirika mmojawapo au mtu anayeisimamia biashara hiyo katika makao yake makuu. Serikali Kuu hupelekewa katika ofisi ya Mwanasheria Mkuu, na ukumbuke kwamba serikali isipojibu huwezi kuombea hukumu vivi hivi. Ni lazima kwanza mahakama ikupe ruhusa.

Wadaiwa wakiwa watatu, kila mmoja apewe samansi yake. Kumpa mume hakumaanishi umempa mke aliyetajwa naye kwenye kesi.

Swali la pili ni anapatikana wapi, na hapa Nairobi hili ndilo linalotesa watu. Nyumba zetu nyingi hazina namba. Mtu anaishi Pipeline, ghorofa ya sita, jengo lenye geti la kijani nyuma ya bucha. Anwani kama hiyo haimsaidii mgeni aliyeshika bahasha. Kabla hujafungua kesi, nenda ukalione jengo kwa macho yako, uandike jina la ploti, stendi ya matatu iliyo karibu, rangi ya geti na namba ya mlango. Uliza, kwa upole na bila kutangaza deni la mtu, ni saa ngapi hupatikana nyumbani na kazini kwake ni wapi. Andika namba zake zote za simu na barua pepe anayoitumia, ukitenga ile uliyopewa na watu na ile mliyowasiliana nayo wenyewe. Tofauti hiyo utaihitaji baadaye.

Na siku ya kupeleka, ni vizuri uandamane na mpeleka samansi au umtume mtu anayemjua mdaiwa kwa sura. Kazi ya mtu huyo ni kumwonyesha tu. Asimame kando, aseme "ndiye yule aliyevaa koti la jinzi", asibishane wala asikumbushie deni. Kanuni zinataka kiapo kitaje jina na anwani ya aliyemtambulisha mdaiwa na kushuhudia akikabidhiwa. Kesi ya jirani yangu fundi cherehani iliokolewa na jambo hilo hilo: mdaiwa alidai siku hiyo alikuwa Kisumu, na kijana aliyemwonyesha akasimama kizimbani akaeleza alimkuta amekaa kwenye kiti gani.

Karatasi zenyewe hazina siri, ila zina hesabu. Samansi huiandaa wewe mdai na kuiwasilisha pamoja na hati ya madai. Usikae ukingoja masijala ikuandikie. Mahakama huitia sahihi na muhuri, na kanuni zinaipa siku 30 tangu kesi ifunguliwe. Ikishatolewa, una siku 30 za kuichukua, zikihesabiwa tangu itolewe au tangu uarifiwe, ile itakayokuja nyuma. Zikipita hujaichukua, kesi inakufa. Nimewaona watu wazima wakilia koridoni kwa sababu ya mstari huo mmoja. Tatizo ni kwamba arifa huja kwenye barua pepe au kwenye akaunti ya mfumo wa kuwasilisha kesi mtandaoni, na mtu aliyefunguliwa akaunti na kijana wa saiba hata neno la siri halijui. Akaunti iwe yako, namba ya simu iwe yako, na uifungue kila baada ya siku mbili. Kesi ikifa unaweza kufungua nyingine, lakini muda wa kudai haukusubiri: madai ya mkataba yana miaka 6, ya madhara kama ajali yana miaka 3.

Samansi ikiwa mkononi, uhai wake ni miezi 12 tangu itolewe. Muda ukiyoyoma bila kumpata mdaiwa, omba mapema iongezewe muda. Ukinyamaza hadi miezi 24 ipite, mahakama inaweza kuitupa kesi bila hata kukuita. Kagua muhuri, majina, namba ya kesi na muda aliopewa mdaiwa wa kujitokeza (yaani kuiarifu mahakama kwa maandishi kwamba atajibu kesi), ambao haupaswi kupungua siku 10. Kisha andaa seti moja kamili kwa kila mdaiwa: samansi yenye muhuri, hati ya madai, kiapo cha kuithibitisha, orodha ya mashahidi, taarifa zao zilizotiwa sahihi, na vielelezo pamoja na barua ya kudai uliyomwandikia kabla ya kesi. Weka namba za kurasa. Samansi asilia haiachwi kwa mdaiwa. Hiyo hutiwa sahihi ya kupokea na kurudi mahakamani.

Nani apeleke? Si wewe. Najua inauma kulipa mtu akabebe bahasha ambayo ungeifikisha kwa matatu, lakini kanuni zimetaja wanaoruhusiwa: mtu aliyeidhinishwa na mahakama, wakili au karani wake aliyekubaliwa, afisa wa polisi, kampuni ya vifurushi iliyokubaliwa, au mahakama ya mahali anapoishi mdaiwa. Karibu na mahakama ya Milimani hutakosa watu wa kukwambia wanafanya kazi hiyo. Omba kuona kibali chake, na usione haya kukipiga picha. Hakikisha ni cha mwaka huu. Kubalianeni malipo kwa maandishi, mkitaja ni safari ngapi zimo ndani ya bei hiyo na kiapo kitakuwa tayari lini. Mimi siku hizi hulipa nusu mwanzo na nusu nikishakisoma kiapo.

Tangu marekebisho ya kanuni hizo ya mwaka 2020, samansi inaweza pia kutumwa kwa barua pepe au kwa programu za ujumbe kama WhatsApp. Wengi wameisikia nusu habari hii. Wanamtumia mdaiwa picha ya samansi usiku, wakitumia simu zao wenyewe, wanapiga picha ya alama mbili za buluu, wanadhani wamemaliza. Kanuni inataka anwani au namba iwe ile ya mwisho ambayo mdaiwa aliitumia, na kiapo kiapwe na afisa aliyeidhinishwa kupeleka samansi, akiambatisha uthibitisho kwamba ujumbe umefika. Ndiyo maana nikasema utenge namba mliyowasiliana nayo: mazungumzo yenu ya zamani ndiyo yataonyesha kwamba simu hiyo ni yake.

Mdaiwa akikataa kutia sahihi, msigombane. Mpeleka samansi aandike alichoambiwa na alipoiacha. Hakimu akiridhika kwamba alikataa tu, anaweza kutamka kwamba ameshapewa. Asipopatikana, samansi inaweza kupewa wakala wake au mtu mzima wa familia anayeishi naye, si mgeni aliyekuja wikendi wala mfanyakazi wa jirani. Baada ya kumtafuta kwa bidii na kumkosa, hubandikwa kwenye mlango wa nje wa nyumba anamoishi au mahali anapofanyia kazi. Tangazo la gazeti huja mwisho, kwa amri ya mahakama, na gharama yake ni yako. Ukiliomba kabla ya kuonyesha safari mlizofanya, zenye tarehe na saa, jiandae kurudishwa.

Kiapo kisome neno kwa neno kabla hakijapelekwa kwa kamishna wa viapo. Changu cha pili, kesi ilipoanza upya, kilisema hivi kwa ufupi: tarehe, saa 4:20 asubuhi, ghorofa ya tatu, mapokezi, aliyetokea akajitaja kuwa mkurugenzi, jina lake limo kwenye CR12 iliyoambatishwa, akapokea nakala na kugonga muhuri wa kampuni juu ya samansi asilia. Kikiwa na maneno "nilimpa mhusika", kirudishe.

Kama dai lako halizidi shilingi 1,000,000, huenda mahali pako ni Mahakama ya Madai Madogo, ambayo fomu zake ni tofauti. Huko sheria inataka kesi iamuliwe ndani ya siku 60 tangu ifunguliwe, kwa hivyo wiki tatu za kumtafuta mdaiwa zinaula muda wako mwenyewe.

Ukishawasilisha kiapo, weka alama kwenye kalenda siku ambayo muda wa mdaiwa wa kujitokeza unaisha, na siku inayofuata ufungue mfumo uone kama amejibu. Akijitokeza, ana siku 14 za kuleta utetezi, na kama ana wakili, hati zako zote baada ya hapo zinapelekwa kwa wakili huyo na kugongwa muhuri wa kupokelewa. Akinyamaza, omba hukumu kwa maandishi, haiji yenyewe. Siku ya kutajwa kwa kesi, beba kiapo kilichochapishwa hata kama kimo mtandaoni, na ubandike kikaratasi kwenye ukurasa wenye jina la aliyepokea, maana hakimu akiuliza kama mdaiwa amepewa samansi, atataka kuonyeshwa.